Paa la Chumba cha Mama



Sisi tuliolelewa Mombasa tunalijua paa kwa kazi mbili: kuzuia jua na kumwaga mvua. Makuti yakichakaa huezekwa mapya, bati likitoboka huzibwa, na maisha yakaendelea. Hatukupata kudhani kwamba iko siku tutalala macho wazi tukilisikiliza paa, kwa kuhofia kitu cheupe kilichotua juu yake bila ya kishindo.

Hayo yalitukuta Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, tulikohamia kwa ajili ya kazi ya baba watoto. Katika majira yetu ya pili ya baridi, Mama, mzazi wa baba watoto, alikuja kutoka nyumbani kukaa nasi. Tulimpa chumba cha juu kabisa, chini ya mteremko wa paa, kwa kuwa kilikuwa kimya na kilikuwa na nafasi nzuri ya kutandika msala. Kwa vile alikuwa akitetemeka hata ndani ya mablanketi mawili, tulimwongezea joto mchana na usiku. Tuliona kuwa huo ndio wema.

Mwezi wa Januari theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Kando ya paa, penye mlizamu, barafu ilianza kuning'inia kama mishumaa mirefu. Watoto walifurahi, nasi tukaipiga picha na kuwapelekea jamaa. Siku ya nne Mama aliamka kwa sala ya alfajiri akaukuta msala umerowa. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka darini, na nje baridi ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Tulistaajabu: maji haya yametoka wapi, ilhali huko nje kila kitu kimeganda?

Mwenye nyumba tulimwarifu, naye akatuambia tungoje hali ya hewa ibadilike. Baba watoto hakuweza kungoja. Aliona shauri ni moja tu: theluji huyeyuka kwa moto, basi ipelekewe moto. Akachemsha maji, akaegemeza ngazi, akapanda na birika. Maji yale yalitoboa kishimo kidogo katika barafu, kisha yakateremka na kuganda upya ukingoni, mengine yakaganda juu ya vipago vya ngazi. Alipopanda na birika la tatu, mguu uliteleza. Alhamdulillahi, aliangukia kwenye theluji na maji ya moto yakamwagika kando. Aliteguka kifundo cha mkono. Mama aliyaona yote kutoka dirishani.

Usiku ule hapakuwa na mazungumzo mezani. Baada ya Isha Mama alisema kwa sauti ya chini, "Wanangu, nikatieni tikiti nirudi. Mimi nimekuja kuwatia mashakani." Tulijaribu kumbembeleza, lakini maneno yalituishia. Jamaa walipopiga simu kutoka Mombasa tuliwajibu kwamba sote hatujambo, kisha tukatazamana kwa haya.

Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukipungiana naye mikono tu. Tulikumbuka jinsi tulivyofunzwa haki ya jirani tangu utotoni, tukaona aibu, maana yeye ndiye aliyetangulia kuja baada ya kuiona ngazi imelala chini. Alitutoa nje, akatuonyesha paa lake na paa letu. Lake lilikuwa jeupe tele. Letu lilikuwa na kiraka kikubwa kisicho na theluji, juu kabisa ya chumba cha Mama. Siku zote tulikuwa tukidhani kwamba paa letu ndilo bora. Yeye akatufahamisha kinyume.

Joto tulilomwongezea Mama, alisema, lilikuwa likipenya darini na kulipasha paa kwa chini. Theluji iliyogusana na paa iliyeyuka, maji yakateremka hadi ukingoni, mahali ambapo hapana chumba chini yake na kwa hiyo hapana joto. Hapo yaligeuka barafu. Barafu ikawa boma, maji yaliyofuata yakakosa njia, yakarudi nyuma na kupenya chini ya vigae mpaka ndani. Kumbe theluji haikuwa imetudhuru kwa baridi yake. Ni joto letu wenyewe lililopotea njia.

Tulimwuliza, je, si bora basi tulipashe paa zima mpaka theluji yote iishe? Alicheka, akatutaka tupige hesabu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto karibu sawa na la kuyapasha maji kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi 80. Paa la mita 100 za mraba, lenye theluji mpya nyepesi ya kimo cha sentimita 30, hubeba takriban tani tatu. Kuiyeyusha yote kungemeza zaidi ya yuniti 270 za umeme, hata kama hapana joto lolote litakalopotea hewani. Msomaji anayenunua umeme kwa tokeni ataelewa kwa nini tulinyamaza.

Akatusimulia pia habari ya uwanja wa michezo wa Metrodome, uliokuwa papo hapo Minneapolis. Paa lake lilikuwa la kitambaa kilichoinuliwa kwa nguvu za hewa, na theluji yake iliyeyushwa kwa kupuliziwa hewa ya moto. Tarehe 12 Desemba 2010, baada ya dhoruba iliyoangusha theluji ya sentimita 43 hivi, joto lilishindwa. Kitambaa kilipasuka na theluji ikamiminika uwanjani. Hakuna aliyeumia. Ikiwa uwanja mzima ulishindwa, birika letu lilikuwa nini?

Bibi yule alimpigia mwenye nyumba yeye mwenyewe, na jioni akaja fundi mwenye mtambo wa mvuke. Hakuitafuta theluji yote. Alikata vijia tu katika lile boma la barafu, kwa mvuke usio na nguvu ya kuvunja vigae, na maji yaliyofungika yakashuka. Alitukataza katakata kutumia mwali wa gesi juu ya paa, kwani nyumba nyingi za huko ni za mbao. Baadaye zilitandazwa nyaya za joto kwa mtindo wa zigizaga ukingoni na ndani ya mlizamu. Nazo hazifuti theluji; huyafungulia maji njia, na sharti ziunganishwe na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Fundi alituhimiza pia tuangalie kila mara bomba la kutolea moshi wa tanuri lisizibwe na theluji, kwa kuwa gesi yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Dawa yenyewe ilikuja wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba aliziba nyufa za darini na kutandika sufi ya kioo kwa unene wa kutosha, na matundu ya kupitishia hewa baridi chini ya paa yakafunguliwa. Joto likabaki chumbani, lilikokusudiwa.

Mama hakukatiwa tikiti mpaka siku zake zilipotimia. Bibi jirani alizoea kuja kunywa chai ya tangawizi naye, wakiongea kila mmoja kwa lugha yake, na tuliwakuta mara nyingi wanacheka. Nasi tuliwaeleza jamaa wa Mombasa ukweli wa yaliyopita, wakatulaumu kidogo kwa kuwaficha, na lawama ile ilitustahili.

Majira ya baridi yaliyofuata Mama alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Theluji ya kwanza ilipoanguka alitupigia simu, na baada ya salamu na kuulizia wajukuu, akauliza, "Je, imekaa juu ya paa?" Baba watoto alitoka nje akaangalia. Paa lote lilikuwa jeupe, sawa na la jirani.

"Imekaa, Mama," akamjibu. "Imekaa yote."