Unyoya Mmoja na Mito ya Uluguru

Ukitoka mjini Morogoro kwenda Mgeta, barabara hupanda mlima. Kando yake utaona mashamba ya ngazi yenye kabichi, viazi na njegere. Juu kuna msitu. Kutoka msituni maji hushuka mabondeni, huingia mto Ruvu, na mto Ruvu huwanywesha watu wa Dar es Salaam.

Simama penye kijito. Inua jiwe lililo majini. Chini yake utaona wadudu wadogo wenye miguu. Wengine hukua, huota mabawa na kuruka. Wadudu hao ni chakula cha samaki.

Wako watu wanaovua kwa utupa. Utupa huua samaki wakubwa na watoto wao, na wadudu pia. Leo utashiba, kesho kijito ni kitupu. Tena Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu.

Ndoana ni bora. Tangu zamani wavuvi wa Uingereza hufunga unyoya laini kwenye ndoana, ufanane na mdudu. Mwaka 1905 samaki aitwaye trauti aliletwa kutoka huko, akapandwa katika mto Gura, Kenya. Leo wako Wakenya wanaofunga ndoana hizo na kuziuza Ulaya na Marekani. Sisi manyoya tunayatupa jalalani!

Jaribu hivi:

1. Chagua ndoana ndogo yenye tundu. Ibane kwa koleo, kisha funga mikono ya koleo kwa mpira.

2. Paka uzi mwembamba nta ya nyuki. Anzia karibu na tundu, uzungushe kurudi nyuma mpaka karibu na kona. Kila mzunguko ulale kando ya mwenzake, usipande juu yake. Huo ndio mwili wa mdudu. Rudisha uzi mbele.

3. Chukua unyoya mmoja wa kuku jike au kanga wa kufugwa. Wa jogoo ni mgumu. Ondoa manyoyamanyoya ya shinani.

4. Funga ncha ya unyoya nyuma ya tundu. Uzungushe mara mbili tu. Funga, kata unaobaki.

5. Maliza kwa kichwa kidogo na fundo imara. Tundu libaki wazi.

Unadhifu una maana. Unyoya ukizidi, ndoana huwa kama mpira, na samaki huikataa. Ukiwa kidogo, huchezacheza majini kama miguu ya mdudu. Ndoana hii ni ya samaki wanaokula wadudu. Kambare mwekee chambo.

Kabla ya kuvua, muulize ofisa uvuvi. Katika msitu wa hifadhi usiingie bila kibali.

Ndugu msomaji, ndoana humtoa samaki mmoja, wengine hubaki wakazaa. Kijito ni chako, ni cha walio bondeni, na ni cha watoto wako. Acha utupa. Shika uzi.