Mavyaa Wangu na Hal ya Udongo

Imepokewa katika Hadithi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa hakatai manukato akipewa, na wanavyuoni wetu wanatufundisha kuwa ni sunna mtu kujitia uzuri siku ya Ijumaa na siku za Idi. Katika jambo hili sisi watu wa pwani hatukuhitaji kusukumwa. Hakuna arusi isiyofuka udi, wala bibi arusi asiyesingwa kwa liwa. Mgeni hupokewa kwa mrashi, na maiti huagwa kwa ubani. Marehemu mama yangu alikuwa akifunga vikuba vya asumini, mrehani na mkadi, na watu walikuwa wakitoka Kisauni kuja kuvichukua. Nimekulia katika harufu hizo, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba anayejua kunukia ni yule anayenukia kama sisi.

Leo nataka kueleza khabari za manukato niliyoyaonea haya kwa muda wa miaka saba, na khabari za mwanamke aliyekuwa akiyatumia, naye ni mavyaa wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Niliolewa mwaka 1989 katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Siku ya tatu au ya nne, jua likikaribia kuchwa, nilikuwa nimekaa chini nachagua mchele, mara nikasikia harufu ya mvua. Si harufu ya maji, bali ile inayopanda matone ya kwanza yanapoupiga udongo uliokauka kaskazi nzima. Nikauweka ungo, nikapanda mbio darini kuanua nguo. Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kusingiziwa. Niliposhuka, nguo zimenijaa mikononi, nilimkuta mavyaa amesimama chini ya ngazi, na nilipompita karibu nikaisikia tena ile harufu, inatoka kwake. Kumbe ni yeye aliyepita nyuma yangu muda ule kwenda chumbani. Akanitazama, akazitazama nguo, akasema, "Hizo hazijakauka, mwanangu," akaenda zake kusali.

Baadaye nikaiona chupa yenyewe, kichupa cha kioo na kizibo chake cha kioo, ndani mafuta ya manjano. Ilikuwa ni hal ya udongo. Halwaridi na haludi sote tunazijua, lakini hii wengi hawajaisikia hata jina. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi ndiye aliyekuwa akimletea kutoka kwao, naye ndiye aliyenieleza inavyofanywa. Uko mji unaoitwa Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh, kazi ya watu wake tangu dahari ni manukato. Huko huchukua udongo wa mfinyanzi, wakaufanya vipande, wakaukausha na kuuchoma kidogo, kisha wakautia katika masufuria makubwa ya shaba pamoja na maji. Kifuniko hukandikwa kwa udongo ili mvuke usitoroke, moto huwashwa chini, na mvuke hupita ndani ya mwanzi mpaka katika chombo kingine cha shaba kilichozamishwa katika maji baridi. Ndani ya chombo hicho mna mafuta ya msandali. Mvuke hupoa na kuiacha harufu yake katika yale mafuta. Maji humwagwa, mafuta hubaki, na kazi hurudiwa siku baada ya siku mpaka mafuta yashibe. Mwisho hutiwa katika viriba vya ngozi ili unyevu uliosalia utoke. Siku hizi msandali umekuwa ghali mno, na wengi hutumia mafuta ya parafini badala yake. Bei ya chupa ile, niliyoijua baadaye sana, ilikuwa yapita bei ya udi wangu wote wa sandukuni.

Mwanangu aliyesoma kemia ameniambia kwamba wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliiandikia harufu hiyo ya mvua katika jarida la Nature mwaka 1964 na kuipa jina, petrichor. Anasema sehemu yake inatokana na vijidudu vinavyoishi udongoni, na kwamba pua ya binadamu huijua hata ikiwa ni chembe isiyoonekana. Subhanallah. Lakini mwaka ule 1989 sikuwa na elimu ya Kannauj wala ya Australia. Nilichokuwa nacho ni majirani.

Mavyaa hakuwa mtu mwepesi wa kupendeka. Akiamkiwa alijibu salamu kwa ukamilifu wake, kisha akanyamaza, na kimya chake hakikuwa na mlango wa kuingilia. Dukani hakubishana bei. Alilipa au aliondoka. Leso mpya ikitoka, mji mzima umeivaa, yeye yumo katika yake ya mwaka juzi kwa kuwa hajaichoka. Chakula changu hakukisifu hata siku moja, mpaka amekufa. Sasa mtu wa namna hiyo, na juu yake ananukia udongo, watu watasema nini? Wako waliosema ni kiburi, hataki kunukia kama wenziwe. Wako waliosema ni uchoyo, udongo si bure? Na mmoja akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba alizika mtoto zamani, na tangu hapo hataki harufu isipokuwa ya kaburi.

Hili la mwisho nililiamini upesi, kwa sababu lilikuwa zuri kulieleza. Nikampelekea dada yangu, naye akawapelekea wake. Suratul Hujurat tunaisoma sote, tumekatazwa dhana na kusengenyana katika aya moja, ya 12, na mimi niliyafanya yote mawili nikidhani kuwa nina huruma.

Mwaka 1996 akaolewa wifi yangu. Wageni walikuwa wakija kutoka Maskati, watu ambao kwao udi si wa arusi tu bali wa kila siku, na mimi ndiye niliyekabidhiwa shughuli za nyumba. Usiku nikawaza: watakapomkumbatia mama wa bibi arusi wakasikia harufu ya shimo, watasema tumetoka wapi? Asubuhi mapema nikaingia chumbani kwake, nikaichukua ile chupa, nikaificha ndani ya pakacha la vitunguu. Kisha nikampelekea tola ya haludi, nikamwambia, "Mama, hii ni zawadi yako ya leo." Akaishukuru. Nikamsikia akifungua mtoto wa meza, akafunga, akafungua tena. Hakuuliza kitu.

Akatoka hana manukato yoyote. Ile haludi aliiacha mezani na kizibo chake hakikuguswa. Siku ya arusi ya binti yake, katika nyumba iliyofuka moshi mpaka dari haionekani, mwenye arusi peke yake alinukia sabuni. Akawapokea wageni, akawatilia marashi kwa mkono wake mmoja mmoja, na hakuna katika wale wanawake wa Maskati aliyeonyesha kutambua lolote. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikimtazama. Kila alipopita karibu yangu niliona kama mtu niliyemvua kitu mbele za watu.

Wageni walipolala nikairudisha chupa mahali pake. Alfajiri, tulipokuwa tukitawadha, akaniambia, "Ile chupa imerudi safari."

Nikasema, "Mama, ni mimi niliyeificha."

"Najua. Inanuka vitunguu."

Nilianza kulia, naye akaningoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha vunjika, nikamuuliza lile la mtoto. Akashangaa. "Mtoto gani? Wanangu ni wane, na wote wazima, mmoja unalala naye." Kisha akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile. Nikamuuliza, basi kwa nini udongo? Akaniambia, "Naipenda. Hata hilo lataka sababu?"

Nimelifikiri jawabu hilo miaka mingi kuliko mawaidha mengi niliyoyasikia. Sisi tulimtafutia msiba, kiburi na uchoyo, kwa sababu hatukuweza kukubali kwamba mwanamke anaweza kutia kitu mwilini mwake pasina kukusudia kutuambia neno. Mimi nilipojifukiza udi nilikuwa nawaambia watu: nimetoka nyumba fulani, mume wangu ananitunza. Udi wangu ulifika njiani kabla yangu, na wala sikuwaza kwamba wanavyuoni wanatukumbusha kuwa manukato ya mwanamke ni yale ambayo harufu yake haiendi mbali. Hal yake yeye ilikaa karibu na ngozi. Aliipaka baada ya alasiri, nyumbani, tone moja kila kifundo cha mkono, na ilimbidi mtu awe jirani sana naye ndipo aisikie. Nami, nikiwa jirani hivyo, nilikimbilia nguo.

Hatukuwa marafiki tangu siku hiyo, msomaji asidhani hivyo. Aliendelea kuwa mzito na mimi niliendelea kumwogopa kidogo. Lakini mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoingia mpaka ndani na sote tukawa tunakumba maji kwa makopo, nilithubutu kumwambia, "Mama, leo nyumba nzima imetiwa hal yako." Akasema, "Hii imezidi," na akaendelea kukumba.

Alifariki mwaka 2018. Tulimkosha sisi, wifi yangu na mimi na bibi mmoja anayeijua kazi hiyo. Maji ya mwisho tuliyatia kafuri kama ilivyo sunna. Ulipofika wakati wa kumtia manukato katika viungo vya sijda, shangazi mmoja akatoa haludi. Wifi yangu akasema mama alikuwa na yake. Shangazi akakasirika: "Udongo ataupata wa kutosha leo. Mtieni udi." Wote wakanyamaza, kwa kuwa ni mkubwa wetu. Nikajisikia nikisema, "Udi ulikuwa ukimuumiza kichwa," neno ambalo sikuwa na uhakika nalo kabisa, nikaenda kuileta chupa.

Nikachovya pamba, nikampaka kipaji cha uso na pua, viganja, magoti na vidole vya miguu. Huko uani msichana mmoja, mgeni wa nyumba, akainuka akaenda kuanua leso zilizokuwa kambani.

Chupa ilibaki na kiasi cha robo. Wifi yangu akasema nikae nayo mimi. Ninayo mpaka leo, lakini siipaki. Mimi ni mtu wa udi, na yeye hakuwahi kunitaka niwe vingine.