Kuoga na Kunawa

Mama alizaliwa Unguja, akahamia Ibra katika miaka ya 1970 pamoja na wengine waliorejea katika nchi ya mababu ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuiona. Kando ya mitende ya babu alipanda mndimu mmoja. Ulikuwa mti wa samaki, wa kikohozi na wa kumbukumbu. Mwaka juzi ulikufa, na aliyeuua ni mimi.

Nafundisha fasihi chuoni, Nizwa. Shahada ya uzamivu niliipata Ujerumani. Niliporudi, bustani ilikuwa bado ikinyweshwa kwa zamu ya falaj: maji huachiwa, hujaza majaruba mpaka yakatuama, kisha humwendea jirani. Nikaona ni ufujaji. Nikachimbisha kisima, nikatandaza mipira ya matone, kila mti ukapata maji kidogo kila siku. Ukoko mweupe ulipotanda na ncha za majani kuungua, nikaongeza mbolea ya dukani.

Mama alinitazama tu. Siku moja akasema, “Mwanangu, ardhi hii inataka kuoga. Wewe unainawisha.”

Mwenzangu mtaalamu wa udongo alinieleza jambo lilo hilo kwa lugha yake. Maji ya huku huja na chumvi. Jua huchukua maji, chumvi ikabaki. Maji machache hayana nguvu ya kuisukuma chini ya mizizi, na ile mbolea nayo ni chumvi. Mazao ya mtende huanza kupungua chumvi ya udongo inapopita desisimensi 4 kwa mita. Ya mlimau na jamaa zake, takriban 1.5. Mitende ilisimama, nami nikadhani bustani nzima ni nzima.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwapeleka wageni Falaj Daris, mmojawapo wa mifereji mitano iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, nikiusifu kama historia. Sikujua kwamba maji yale, zaidi ya kunywesha, yalikuwa yakiosha.

Sasa tumerudi kwenye zamu. Tunafukia samadi ya mbuzi iliyooza vyema na makuti yaliyokatwakatwa. Kila mwezi nachota udongo wa juu na wa kina cha mkono, nachanganya kipimo kimoja na vitano vya maji safi yasiyo na chumvi, nangoja utuame, kisha natumbukiza kipimachumvi. Namba hizo hazilingani na zile za majedwali ya wataalamu. Hulingana na za mwezi uliopita, na hilo ndilo ninalolihitaji. Mama huufikicha udongo ule ule, akaunusa. Daftari lina safu mbili: namba yangu na neno lake.

Mche mpya wa mndimu uko ndani ya kopo, kibarazani. Namba zangu zimeshuka miezi minne mfululizo. Katika safu yake ya mwezi huu, Mama ameandika: “Bado.”