Fedha za Pindoni

Madrid, Mei 2025

Mama Mkubwa,

Nimesikia habari zilifika mpaka Tanga kwamba huku tumezimikiwa, na kwamba ulikesha ukinipigia, sipatikani. Nisamehe. Mzima mimi.

Jumatatu ile, Aprili 28, saa 6:33 mchana, kompyuta zote ofisini zilizimika mara moja. Niliendelea kutafuna karanga zangu. Mtoto aliyekulia kwenye mgao, umeme kukatika kwake si habari. Wenzangu ndio walioshtuka, hasa simu nazo zilipoanza kupoteza mtandao. Baadaye tuliambiwa Hispania ya bara na Ureno zilizimika kwa pamoja, megawati 15,000 zikiwa zimepotea ndani ya sekunde tano. Lile bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Hesabu mabwawa saba.

Treni za chini ya ardhi zilisimama, nami nakaa Vallecas, upande wa pili wa jiji. Nikashika njia kwa miguu kutoka Plaza de Castilla, nikiteremka Castellana, barabara pana isiyokwisha. Taa za kuongozea magari zilikuwa zimekufa. Kwenye njia panda moja kijana tu wa mtaani, kavaa kizibao cha kung'aa, anaongoza magari, na madereva wanamtii! (Wa daladala zetu sijui.)

Karibu na uwanja wa Bernabéu kiu ikanibana. Duka liko wazi, maji yapo, mashine za kadi hazifanyi kazi. Mwenzangu wa kazini niliyeongozana naye, ambaye kila siku hunicheka kwa kutembea na sarafu, hakuwa na hata senti. Nikachomoa noti ya euro 20 iliyokunjwa mara nne. Hiyo ni fedha yako, Mama Mkubwa, ile ya kufunga pindoni mwa kanga kabla hujatoka mlangoni. Nikanunua chupa mbili. Sikumcheka. Kidogo tu.

Mbele kidogo mtu kaegesha gari, kafungua milango yote, redio juu. Watu kama thelathini wamelizunguka, kimya, masikio wima, kama barazani kwa marehemu Babu saa ya taarifa ya habari. Kwenye maduka ya Wachina redio za betri ziligombewa. Na wala giza halikuwapo bado. Huku mwishoni mwa Aprili jua huzama karibu saa tatu usiku, usinibishie. Kilichowatesa watu ni kutojua.

Nilifika saa kumi na moja, nyayo zinawaka moto, nikakwea ngazi mpaka ghorofa ya sita. Jua lilipozama ndipo nilipoaibika. Mimi, mtoto wa mgao, sina mshumaa, sina kibiriti, na tochi yangu imo ndani ya simu iliyokwisha chaji. Miaka tisa ya umeme usiokatika imenilegeza. Nikamgongea jirani, bibi wa Kihispania wa miaka themanini na ushee. Alikuwa na boksi zima la mishumaa, na redio ndogo yenye ufa. Akanisogezea kiti.

Ilikaribia saa tano usiku taa ziliporudi. Mtaa mzima ukapiga makofi kwenye roshani. Nami nikajikuta nimepayuka kama enzi zile uani kwako: "Umerudiii!"

Bibi akaniuliza namwita nani.

Mwanao