Droni Baadaye, Pesa ya Mbegu Kwanza

Wadau, kila nikigusia kilimo hapa, lazima mtu anitumie video ya droni inanyunyizia mahindi dawa huko Marekani. Chini yake: "Vijana tuamke!" Sawa, tumeamka. Sasa niambieni hiyo droni itafanya nini kwa ekari mbili za mjombangu kule Kinango, zilizopandwa mbegu isiyofaa, tena mwezi wa tano.

Hesabu kwanza. Kwa miaka mingi hekta ya mahindi Kenya imekuwa ikitoa wastani wa tani moja na nusu hadi mbili. Kwa ekari, hayo ni kama magunia saba hadi tisa ya kilo 90. Marekani wanapita tani 10 kwa hekta. Huku Pwani mara nyingi hata hayo saba hatuyafikishi. Tija ndiyo hiyo: ardhi ileile, mgongo uleule, unatoka na magunia mangapi?

Na sisi wa Shika Adabu tunaosema shamba ni mambo ya ushago, kwani unga hatuli? 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Na serikali ilikuwa imezindua Galana Kulalu tangu 2014, shamba la mfano la ekari 10,000, na mipango ya kufika ekari milioni moja. Miradi mikubwa hatujaikosa.

Teknolojia ninayoitaka mimi haina hata video. Ni mbegu. H614 ni nzuri, lakini ni ya kule juu, Kitale na kwingineko kwenye baridi, na inakaa shambani miezi sita au zaidi. Mvua ya Kinango haina subira hiyo. Kuna Pwani Hybrid, PH1 na PH4, zilizotengenezewa joto letu hili, zinakomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Lakini mjomba akifika dukani anauziwa pakiti iliyobaki, manake amechelewa. Amechelewa kwa nini? Alikuwa anangoja M-Pesa kutoka mjini.

Hapo ndipo pananiuma. Familia zetu pesa ya shamba zinayo, ila inafika wakati mbaya. Mtu akifa, grupu ya WhatsApp inachanga usiku mmoja. Mbegu inaombwa Februari, inajibiwa "tutaangalia", inatumwa Mei, masika yashamwagika. Huo mwezi uliopotea hakuna mbolea ya kuurudisha, hata iwe ya ruzuku.

Halafu kuna ghala. Dumuzi anakula kabla yenu, na mahindi yasiyokauka yanaota ukungu wenye sumu, ile aflatoksini. 2004 iliua watu 125 huko Ukambani na jirani zake, si mchezo. Mifuko isiyopitisha hewa inamuua dumuzi bila dawa, bora mahindi yawe yamekauka kwanza. Bei ya mfuko mmoja ni kama pilau na soda.

Ekari mbili zinataka kama kilo 20 za mbegu, yaani pakiti kumi za kilo mbili. Tukiwa watano, kila mtu pakiti mbili. Nimeiweka hesabu hiyo kwa grupu letu. Wawili washajibu: "Tutaangalia."