Mshahara wa mwezi, kodi ya miezi sita!

UKITAJA neno dalali mbele ya vijana wa mjini, mtu anajipapasa kwanza kama pochi yake bado ipo. Sina ugomvi. Mimi ni dalali wa vyumba hapa Dar es Salaam, nashinda Sinza na Kijitonyama, na unga wa wanangu unatoka humo humo. Leo nawapa siri za kazini, maana soko limegeuka na wengi wenu mnaliingia kichwa kichwa.

Zamani mteja aliuliza kitu kimoja tu: chumba shilingi ngapi? Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani. Mtagombana zamu ya kufagia, mtagombana bili ya umeme kwa sababu wa chumba cha pili anapiga pasi kila siku, lakini ukiugua yupo wa kukukorogea uji.

Siku hizi? Binti ndiyo kwanza kaajiriwa, swali la kwanza: "Kaka, ni self?" La pili: "LUKU najitegemea?" La tatu: "Mwenye nyumba anaishi humo humo?" Akisikia yupo, basi, biashara imekufa.

Siwalaumu. Nani anataka foleni ya bafu alfajiri, taulo begani? Wenye nyumba nao wajanja. Stoo imebanwa kachoo pembeni, sasa inaitwa "master". Kitanda kikiingia, kabati linabaki nje!

Anayeshindwa bei za Sinza anasogea pembeni. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, watu wakaulizia Kimara. Mwaka huo huo daraja la Kigamboni likafunguliwa, na waliokuwa wakikwepa foleni ya pantoni wakaanza kuulizia vyumba ng'ambo. Leo napeleka wateja mpaka Goba na Bunju. Dalali akikwambia "dakika tano kutoka stendi", muulize: kwa miguu au kwa bodaboda?

Yote hayo yamebadilika, ila kitu kimoja kimegoma: kodi ya mkupuo. Chukua chumba cha laki moja kwa mwezi. Miezi sita ni laki sita, weka na laki yangu ya udalali, jumla laki saba kabla hujanunua hata ndoo. Mshahara unaingia kila mwezi, kodi inatakiwa ya nusu mwaka. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hapo ni maelewano yako na mwenye nyumba.

Ndipo kasheshe inapoanza. Kuna kijana nilimpatia chumba safi kabisa, marumaru chini, dirisha la aluminiamu. Kumbe hela alikopa kwa wale jamaa wa kausha damu. Mwezi wa nne ananipigia: "Braza, nitafutie mtu wa kuchukua chumba changu." Nikaenda. Kitanda kimechukuliwa, friji limechukuliwa, kakaa kwenye ndoo. Kodi imelipwa, pa kulala hana.

Sasa siri. Omba miezi mitatu. Chumba kikikaa kitupu mwenye nyumba anaumia, na wengi wao hulegea ukiwaomba kwa adabu. Mimi sipotezi kitu, changu ni kodi ya mwezi mmoja, ulipe mitatu ulipe sita. Dalali anayekwambia haiwezekani bila kuuliza ana haraka zake.

Pili, mtake mwenye nyumba mwenyewe, si "mdogo wake". Mwandikishane, na serikali ya mtaa ijue. Tatu, rudi kukitazama chumba siku ya mvua. Madalali hatupendi mvua, utajua kwa nini.

Na usipange kwa ajili ya macho ya washikaji. Chumba kizuri ni kile ambacho ukishakilipia, bado una hela ya unga.