Mbeya nusura niingizwe mjini!

Ukipanda Mbeya na gari, msomaji wangu, usikurupuke kushusha injini. Mimi yalinikuta. Pikapu ya braza ilipanda Kitonga kwa kujikongoja. Kufika Mwanjelwa, fundi akang'oa plagi, akachomeka geji ya kompresheni: silinda zote nne, 140. Dar zilisoma 170!

"Ringi zimekwisha," akasema. Mshiko alioutaja ulinikausha koo.

Mzee mmoja, fundi wa jirani, akacheka. "Kijana, hapa ni mita 1,700. Hewa nyepesi, injini inavuta kidogo, geji lazima ishuke. Ingeshuka silinda moja peke yake, hapo ndiyo ulie."

Tukarudi Dar na ringi zilezile. Tukapima. Unajua ilisoma ngapi? 170!